Kadi ya gari ina jina la mtu mwingine, bima umekata kwa jina lako: ajali ikitokea unalipwa?

#1 Chausiku B
Wakuu habari.

Nauliza kwa niaba ya shemeji yangu, mume wa dada. Alinunua gari dogo aina ya Toyota IST kwa jamaa mmoja Kibaha. Huyo jamaa naye alikuwa ameinunua kwa mama mmoja wa Tabata na hakuwahi kubadilisha kadi, kwa hiyo kadi mpaka leo inasoma jina la yule mama. Shemeji akaandikishana na jamaa mkataba wa mauziano kwa wakili, akakabidhiwa kadi orijino, akaenda kwa ajenti akakata bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe. Kwenye fomu penye jina la mmiliki ajenti akajaza jina la shemeji. Stika ikatoka, ukiingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, inaonekana hai.

Sasa gari imepinduka Mikese usiku, akikwepa lori lililoharibika barabarani bila alama yoyote. Yeye mzima, gari imekwisha. Asesa, yule mkaguzi wa hasara wa bima, alikuja akaipiga picha, akasema haitengenezeki. Tukajua hapo ni kusubiri hela. Kilichokuja ni barua: kumbukumbu za usajili zinaonyesha mmiliki ni mtu mwingine, taarifa ya umiliki iliyotolewa wakati wa kukata bima si sahihi, madai yamesimamishwa.

Hii ni sababu halali ya kutomlipa mtu? Maana hela walipokea bila kusema neno.

#2 NgomaNzito
Imeisha hiyo. Mwenye gari ni yule ambaye jina lake lipo kwenye kadi. Shemeji yako kakatia bima gari ya mama wa Tabata.

#3 Fundi wa Gerezani
Pole kwa shemeji. Kwanza ashukuru yupo hai, kile kipande cha Mikese usiku kinajulikana.

Swali dogo: aliponunua alikosa nini kubadilisha kadi? Gharama haitishi kiasi hicho. Kuhamisha ni 50,000, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani ya gari.

#4 Wakili wa Kijiweni
> NgomaNzito alisema: Mwenye gari ni yule ambaye jina lake lipo kwenye kadi.

Hapana mkuu. Hii kauli inarudiwa sana mitaani na inawaumiza watu. Kadi ni ushahidi wa awali tu kwamba wewe ni mmiliki, na unaweza kupingwa kwa ushahidi mwingine. Umiliki wa bidhaa, gari ikiwemo, unahama kwa makubaliano ya muuzaji na mnunuzi. Nenda kasome Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura 214. Mkishakubaliana, hela ikalipwa na gari ikakabidhiwa, mali imeshahama hata kama kadi haijahama.

Kwa hiyo shemeji ana maslahi kamili ya kibima. Gari ikiungua, anayepata hasara ni yeye, si mama wa Tabata ambaye alishakula hela yake zamani. Kipimo cha kwanza cha bima ni hicho: nani anaumia mali ikipotea?

#5 NgomaNzito
Wakili kijiweni umeshinda kesi. Haya nenda nayo dirishani kwa kampuni ya bima uone.

#6 Ajenti Mzoefu
Nafanya kazi hii, naomba niweke sawa jambo moja. Wote mnazungumzia nani mwenye gari. Barua ya kampuni haikuishia hapo, inasema pia taarifa iliyotolewa si sahihi. Hayo ni mambo mawili.

Bima inasimama juu ya nia njema ya hali ya juu. Ukijaza fomu unatakiwa kusema ukweli kwa kila jambo ambalo lingemfanya mwenye kampuni afikirie mara mbili kabla ya kukupokea au kupanga bei. Gari ambayo kadi yake ina jina la mtu wa tatu ni jambo la kufikiria mara mbili: inaweza kuwa ya wizi, inaweza kuwa na deni la benki, inaweza kuwa imeshakatiwa bima na huyo mwingine. Ukiandika "mmiliki ni mimi" bila maelezo umewanyima nafasi ya kuuliza.

Sisemi shemeji ni mwongo. Nasema kampuni itashika hapo.

#7 Mama Sharifa
Naomba na sisi tuliouza magari tusikilizwe. Niliuza Noah, mnunuzi akaapa atabadilisha kadi wiki hiyohiyo. Hakubadilisha. Akagonga mwendesha bodaboda na kukimbia, polisi wakanifuata mimi nyumbani mbele ya watoto, kwa sababu namba ya gari inasoma jina langu. Kilichoniokoa ni nakala ya mkataba wenye saini na muhuri wa wakili. Na faini za barabarani zilikuwa zimejaa kwenye ile namba.

Tena sasa uhamisho wa kadi unafanyika mtandaoni kwa TRA, mnunuzi na muuzaji kila mmoja na TIN yake. Anayekaa na kadi ya mwenzie mwaka mzima anajua anachokifanya.

#8 Chausiku B
> Fundi wa Gerezani alisema: alikosa nini kubadilisha kadi?

Si hela mkuu. Kuhamisha kunataka aliyeandikwa kwenye kadi ahusike, na kule katikati kuna jamaa wa Kibaha. Ni mauziano mawili, TRA hawawezi kumruka mtu wa kati kana kwamba hakuwepo. Jamaa alikuwa anapiga danadana, "mama amesafiri", "mama anaumwa". Shemeji akaona bora barabarani awe na bima kwanza kuliko kukaa bila kitu.

Mama Sharifa pole sana.

#9 Kisiki cha Mpingo
Hiyo ya mtu wa kati ndiyo ugonjwa wenyewe. Madalali wa magari wananunua na kuuza bila jina lao kugusa kadi hata siku moja, ili wakwepe gharama za uhamisho. Gari inapita mikono minne, kadi ya mwanzo, na mkononi mwa wa mwisho kuna mkataba mmoja tu na mtu ambaye kumbukumbu za serikali hazimjui.

#10 Dalali Tegeta
Kisiki usitukusanye wote kwenye kapu moja. Mimi muuzaji na mnunuzi nawakutanisha meza moja, wanasaini wao wawili, mimi nachukua changu naondoka. Sijawahi kujifanya mmiliki.

Na wengi walikuwa wanaogopa kadi enzi za leseni ya barabara ya mwaka. Ukienda kuhamisha unakuta madeni ya miaka yanakusubiri. Ile ada ilifutwa 2017, lakini uoga ukabaki.

#11 Pwani Raha
Salaam kutoka Mombasa. Huku kwetu jambo hili limeandikwa wazi kwenye Sheria ya Trafiki, Sura 403. Kifungu cha 8 chasema aliyeandikishwa ndiye atakayechukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo Wakili yuko sawa: logbook, hiyo kadi yenu, yaweza kupingwa. Kifungu cha 9 kinasema gari likishauzwa halifai kutumika barabarani zaidi ya siku 14 kama mnunuzi hajaandikishwa. Siku hizi muuzaji ndiye aanzishaye uhamisho kwenye akaunti yake ya NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, mnunuzi akakubali upande wake.

Lakini tena, bima yenyewe hapa kwetu watu husema "bima yafuata gari". Mie nanunua gari lina cheti cha miezi saba, naendelea nacho. Hilo halina shida, au vipi?

#12 Wakili wa Kijiweni
Lina shida kubwa Pwani Raha. Bima haifuati gari, inafuata mtu. Ni mkataba kati ya kampuni na mtu fulani, na wamempima huyo mtu: umri wake, historia yake ya ajali, anavyolitumia gari. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1937, Peters dhidi ya General Accident. Mtu aliuza gari akampa mnunuzi na karatasi za bima zilizobaki. Ikatokea ajali. Mahakama ikasema bima haikuhamia kwa mnunuzi, kwa sababu huwezi kumuuzia mtu mkataba unaotegemea sifa zako wewe. Mahakama zetu zimerithi sheria hiyo ya Waingereza, Kenya na Tanzania.

Ukinunua gari lenye bima, hakikisha kampuni imekubali kwa maandishi kuandika jina lako. Au muuzaji afute yake na wewe ukate yako.

#13 Mnyalu Halisi
Kwa hiyo nusu ya IST za mji huu zinatembea bila bima na wenyewe hawajui. Hatari.

#14 Fundi wa Gerezani
> Mnyalu Halisi alisema: nusu ya IST za mji huu zinatembea bila bima

Usiseme nusu kama hukuhesabu mzee.

#15 Leicester Bongo
Huku Uingereza wanatenganisha kabisa. Ile karatasi ya usajili, V5C, yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki, inaonyesha tu mtu anayelitunza gari na kuwajibika nalo. Kwa hiyo kampuni ya bima inakuuliza maswali mawili tofauti: nani mmiliki na nani ameandikishwa. Ukijibu kwa kuyachanganya unaingia matatani.

Tatizo kubwa la Waswahili wenzangu hapa ni kijana wa miaka 19 kununua gari, baba anakata bima kama dereva mkuu ili bei ishuke, kijana anaandikwa dereva wa ziada. Gari la baba kwenye karatasi, baba mwenyewe anapanda basi. Kampuni ikigundua inafuta bima, na kijana akikutwa barabarani anahesabika hana bima.

Ila sheria ya 2012 kuhusu taarifa anazotoa mteja wa kawaida ilileta unafuu. Ukikosea kwa uzembe tu, kampuni haiwezi kukunyima yote, labda kama isingekukatia bima kabisa. Inaangalia: kama ungesema ukweli ningefanyaje? Kama ingekutoza zaidi, inakulipa kwa uwiano wa ulicholipa. Ukidanganya kwa makusudi, hapo inafuta mkataba na hela yako inabaki nayo.

#16 NgomaNzito
Mambo ya Leicester yabaki Leicester. Sisi tupo Mikese.

#17 Ajenti Mzoefu
Leicester katoa kitu kizuri, usimkatishe. Hata hapa swali la msingi ni lilelile: kampuni ingejua ukweli, ingekataa kumpa bima? Kwa uzoefu wangu nyingi zisingekataa. Zingesema leta nakala ya mkataba wa mauziano, leta kitambulisho, na ndani ya muda fulani leta kadi mpya. Bei ingekuwa ileile: asilimia 3.5 ya thamani kwa gari binafsi, juu yake VAT asilimia 18. Gari ya milioni 20 ni 700,000, ukiongeza VAT inafika 826,000, awe mama wa Tabata au shemeji.

#18 Chausiku B
> Ajenti Mzoefu alisema: Zingesema leta nakala ya mkataba wa mauziano

Hapo ndipo panapotuuma. Shemeji anasema alimpa ajenti nakala ya kadi NA nakala ya mkataba siku ileile. Nakala ya kadi ipo hata kwenye faili la kampuni, asesa aliifungua mbele yetu. Jina la mama wa Tabata limeandikwa hapo kwa herufi kubwa. Sasa nani kamdanganya nani?

#19 Wakili wa Kijiweni
Hii inabadilisha mambo yote, ungeanza nayo.

Hiyo kanuni ya nia njema aliyoitaja Ajenti inatokana na kesi ya 1766, Carter dhidi ya Boehm, iliyoamuliwa na Lord Mansfield. Ilihusu ngome ya Waingereza huko Sumatra, gavana wake aliikatia bima isije ikatekwa. Wafaransa wakaiteka. Kampuni zote zinapenda kuitaja ile kesi, lakini hazisemi ilivyoisha: mwenye bima alishinda. Mansfield alisema mkata bima hana wajibu wa kumwambia mwenzie jambo ambalo huyo mwenzie anajua tayari, au alipaswa kulijua. Na akaonya kwamba aliyepokea hela akijua hali halisi hawezi kugeuka baadaye kutumia hiyohiyo kama sababu ya kukwepa.

Kama nakala ya kadi ilikuwa kwenye faili lao tangu siku ya kwanza, kampuni ilijua. Ikapokea malipo. Ikatoa stika. Imeridhia.

#20 Ajenti Mzoefu
Wakili subiri. Nakala alipewa ajenti. Kama ajenti hakuipeleka mpaka ajali ilipotokea, kampuni ilijua lini?

Na kuna kesi inayotuumiza sote, ya 1929, Newsholme. Basi la abiria. Mteja alimwambia ajenti ukweli kwa mdomo, ajenti akajaza fomu uongo, mteja akasaini. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema ajenti akishika kalamu kukujazia fomu, hapo anakuwa mwandishi wako wewe, na saini yako imethibitisha yaliyoandikwa. Mteja akapoteza. Sipendi hiyo hukumu ila ipo, na mawakili wa kampuni wanaijua kwa moyo.

#21 Kisiki cha Mpingo
Kwa hiyo ajenti anachukua kamisheni kutoka kwa kampuni, anavaa fulana ya kampuni, akikosea anakuwa mwandishi wangu? Hii haingii akilini.

#22 Mzee wa Fuso
Na mimi niulize hapohapo. Fuso langu limeandikishwa jina la kampuni yangu ya usafirishaji. Kampuni ni yangu mimi na mke wangu, hisa karibu zote zangu. Bima nimekata jina langu binafsi maana ajenti ndilo alilonalo kwenye simu. Nipo salama?

#23 Wakili wa Kijiweni
Mzee, kesho asubuhi nenda ukarekebishe. Kuna bwana mmoja wa Ireland, Macaura. Mbao za shamba lake aliziuza kwa kampuni ambayo hisa zake zilikuwa zake. Bima ya moto akabaki nayo kwa jina lake mwenyewe. Mbao zikaungua. Mwaka 1925 mabwana wa juu kabisa wa mahakama wakamwambia: mbao ni za kampuni, kampuni ni mtu mwingine, wewe huna maslahi ya kibima kwenye mbao hizo. Hakuambulia kitu, na hakuna aliyethibitisha kwamba alikuwa na nia mbaya.

Tofauti yako na shemeji wa Chausiku ni hiyo. Shemeji ni mmiliki halisi asiye na kadi. Wewe kadi na umiliki vyote vipo kwa kampuni.

#24 Mzee wa Fuso
Ahsante sana. Nimeshampigia ajenti.

#25 Asesa Mstaafu
Nimesoma kuanzia juu. Nimekagua magari ya ajali muda mrefu, naomba niseme kitu ambacho wanasheria wanakiruka.

Gari ikifa kabisa, kampuni inalipa thamani na inachukua mabaki. Mabaki ni hela. Injini ya IST, gia boksi, taa, milango, yote yanauzika. Lakini kampuni haiwezi kuyauza kihalali bila kadi na saini ya aliyeandikwa kwenye kadi. Ikikulipa wewe leo, kesho mama wa Tabata akajitokeza akasema "gari yangu iko wapi, mimi sijalipwa", kampuni imelipa mara mbili. Kwa hiyo barua nyingi za namna hii si kukataa. Ni kusema leteni huyo aliyeandikwa asaini kwamba hana dai.

Chausiku, hebu soma tena barua. Imeandikwa "imekataliwa" au "imesimamishwa"?

#26 Chausiku B
Imeandikwa imesimamishwa "hadi uthibitisho wa umiliki utakapowasilishwa".

#27 NgomaNzito
Asesa katuliza uzi. Kumbe tulikuwa tunamzika mtu aliye hai.

#28 Ajenti Mzoefu
Nakubaliana na Asesa kwa sehemu tu. Barua hiyohiyo inasema taarifa haikuwa sahihi. Wameacha mlango wa pili wazi makusudi. Leo wanaomba uthibitisho, ukileta wanaweza kusema asante lakini fomu ilikuwa na taarifa potofu. Shemeji apeleke kila kitu kwa maandishi na apigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake: mikataba yote miwili ya mauziano, kiapo cha yule mama, nakala ya fomu aliyosaini. Fomu aiombe, ni haki yake kuiona.

#29 Chausiku B
Mama amepatikana. Anasema yuko tayari kusaini ila apewe "chochote". Akataja kiwango, shemeji akakaa chini.

#30 Mama Sharifa
Hiyo siyo haki. Aliuza, alilipwa. Mimi nilikwenda kusaini kwa mnunuzi wangu bure ingawa alinitesa. Nauli tu ndiyo ya kumrudishia mtu.

#31 Dalali Tegeta
Wa kumkamata hapo ni jamaa wa Kibaha. Yeye ndiye mwenye mkataba na mama, na yeye ndiye aliyemuuzia shemeji gari akiahidi umiliki safi. Gharama za mama ziwe juu yake.

#32 Kisiki cha Mpingo
Niongeze kisa cha kwetu maana kinafanana. Mzee alifariki akaacha Hilux kwa jina lake. Kaka mkubwa akawa anaitumia, akaikatia bima kwa jina lake, penye mmiliki akaandika yeye. Ikaibiwa Moshi. Kampuni ikasema gari ni ya marehemu. Tukaenda Mahakama ya Mwanzo, kaka akateuliwa msimamizi wa mirathi, akapeleka barua ya uteuzi. Wakalipa. Lakini walilipa kwenye mirathi, si kwake. Kaka alitegemea ni hela yake kwa kuwa ndiye aliyelipa bima, dada zetu wakasema gari ya baba, hela ya baba. Hawajaongea vizuri mpaka leo.

Wanaotumia magari ya marehemu fanyeni usimamizi mapema, na bima iandikwe msimamizi wa mirathi ya fulani.

#33 Leicester Bongo
Kisiki hilo limenigusa. Hata huku watu wanasahau kwamba mwenye bima akifariki bima yake hairithiwi na mtu yeyote.

#34 Mnyalu Halisi
Swali la mtu asiyejua. Tuseme shemeji angekuwa amemgonga mtembea kwa miguu. Huyo aliyegongwa naye angeambiwa kadi ina jina la mama wa Tabata, rudi nyumbani?

#35 Wakili wa Kijiweni
Swali zuri kuliko yote ya leo. Hapana. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa Sheria ya Bima ya Magari, Sura 169, na imewekwa kwa ajili ya yule aliyegongwa. Akishinda kesi dhidi ya mwenye bima, kampuni iliyotoa bima inawajibika kulipa hukumu ya majeraha au kifo hata kama ina haki ya kuukana mkataba, halafu ndiyo imgeukie mteja wake. Ugomvi wa fomu ni wa kampuni na mteja.

#36 Pwani Raha
Hapo kwetu pana tundu Wakili. Kifungu cha 10 cha Sura 405, sheria yetu ya bima ya mtu wa tatu, chairuhusu kampuni iende mahakamani kupata tamko kwamba bima ilipatikana kwa taarifa potofu, mradi ifungue kabla ya kesi ya aliyegongwa au ndani ya miezi mitatu tangu ifunguliwe. Ikipata tamko hilo hailipi. Na hata ikilipa, kiwango kimefungwa shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja. Kwa hiyo uongo wa mwenye gari waweza kumfikia hata mtembea kwa miguu.

#37 Wakili wa Kijiweni
Sahihi, nilisema kwa ujumla mno. Sheria zetu hizi ni ndugu, njia hiyo ya tamko kampuni zinaijua. Ndiyo maana nasema aliyegongwa asikae na kesi, atoe taarifa kwa kampuni mapema na afuatilie. PF3 yake, ile fomu ya polisi ya matibabu, aitunze.

#38 NgomaNzito
Bado nasimamia maneno yangu. Badilisha kadi, lala usingizi. Haya mengine yote ya 1766 yanakuja kwa sababu mtu hakubadilisha kadi.

#39 Kisiki cha Mpingo
NgomaNzito na wewe una hoja moja kama msumari.

#40 Asesa Mstaafu
Jambo la pembeni lakini linaua madai mengi kuliko la kadi: matumizi. Gari ina namba ya njano ya binafsi, bima ya binafsi, inabeba abiria wa programu za simu usiku kucha. Asesa akifungua mlango anaona kishikio cha simu, kebo tatu za chaji na kiti cha nyuma kimechakaa kuliko cha dereva. Haulizi mara mbili. Hiyo nayo ni taarifa isiyo sahihi, na hapo sijaona kampuni ikilegeza.

#41 Bajaji Mkataba
Wakuu nimesoma yote, na langu ni hili. Nina bajaji ya mkataba. Napeleka hela kwa bosi kila wiki, nikimaliza bajaji inakuwa yangu. Kadi ina jina la bosi. Mkataba unasema bima nakata mimi. Nikienda kukata niseme mmiliki ni nani? Nimeshalipa zaidi ya nusu.

#42 Ajenti Mzoefu
Mmiliki andika bosi, maana ndivyo ilivyo mpaka umalize. Wewe jiandikishe kama mtu mwenye maslahi na dereva. Peleka nakala ya mkataba, hakikisha imetajwa kwenye karatasi ya bima yenyewe, si kwa mdomo. Na kwenye matumizi andika biashara ya abiria.

#43 Fundi wa Gerezani
Ajenti, ikiibiwa hela inakwenda kwa bosi yote, kijana wa watu ameshalipa zaidi ya nusu. Atapata nini?

#44 Ajenti Mzoefu
Kama karatasi ya bima inamtaja bosi peke yake, inakwenda kwa bosi. Ndiyo maana nimesema watajwe wote wawili.

#45 Wakili wa Kijiweni
Na hata wakitajwa wote, kampuni haitajua nani achukue ngapi. Hilo liwe kwenye mkataba wenu wewe na bosi: bajaji ikiibiwa au ikifa, fidia inakatwa deni lililobaki kwanza, kinachozidi ni chako. Aya mbili tu, msaini mbele ya shahidi. Bosi akikataa kusaini hizo aya mbili, jua mapema unafanya kazi na mtu wa namna gani.

#46 Bajaji Mkataba
Bosi ni mjomba wangu.

#47 Kisiki cha Mpingo
Basi ndiyo uharakishe kabisa. Rudi #32 usome ya kaka yangu.